303 kwenye raba za Premio yangu: iko poa, lakini soma hii kabla hujatoa laki yako

Niseme mapema ili mwenye haraka asipoteze bando: 303 Aerospace Protectant ni dawa nzuri ya raba za gari, na kwa jua letu hili na vumbi letu hili, kati ya zote nilizowahi kupaka, sijaona ya kuishinda. Ila haifufui raba iliyokufa. Hakuna dawa inayofufua, na atakayekuambia ya kwake inafufua huyo anataka pesa yako tu. Ukishika hilo utaifurahia, usiposhika utabaki kulalamika kwamba laki yako ya shilingi za Uganda imeenda na raba bado iko kijivu.

Gari yenyewe ni Toyota Premio ya 2005, ilizeeka kidogo Japani ikaja kumalizia uzee Kampala, kazini inaanikwa juani kutwa na nyumbani pia inalala nje maana paking ya wapangaji haina paa. Wenye Premio, Allion na Wish mnaijua ile raba ndefu nyembamba inayopita juu ya paa pande zote mbili, hio ndio hufa kwanza. Inaanza kupoteza weusi, inatoa unga kama wa chaki, alafu ncha inaanza kuinuka na ukiwa spidi barabara ya Entebbe unasikia inapiga piga paa. Ya pili ni ile inayolamba kioo cha mlango ukishusha. Raba za ndani za milango zinachukua muda zaidi kwa sababu zimejificha jua, lakini nazo zinakauka na ukipita mashimo mlango unaanza kulia kwii kwii na abiria anakuangalia.

Sasa kwa nini zinazeeka, maana bila kujua hilo utanunua kila kitu. Raba nyingi za milango na madirisha ya gari za siku hizi ni aina inayoitwa EPDM. Hio raba ina uwezo mkubwa wa kuvumilia ozoni na mionzi ya UV, ndio maana waliichagua, na weusi wake sio rangi ya kupakwa juu, ni masizi ya kaboni yaliyochanganywa ndani tangu kiwandani na kazi yake mojawapo ni kuzuia jua lisiingie ndani ya raba. Ndani pia kuna mafuta ya kuilainisha na kuna vitu vya kujazia kama unga wa chokaa au udongo. Jua likipiga miaka na miaka ngozi ya juu inavunjika vunjika, ile mijazo inabaki wazi, ndio ule ukijivu unaouona. Weusi uko bado, uko chini yake. Joto nalo linafukuza mafuta taratibu, raba inakuwa ngumu, inasinyaa, na raba iliyobonyea kwa kufungiwa mlango miaka kumi na tano hairudi tena kama ilivyokuwa. Na sisi tuko karibu kabisa na ikweta, Kampala iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, jua la saa sita linashuka wima juu ya paa la gari, kwa hivyo raba ya paa inakula jua kuliko kitu kingine chochote kwenye hio gari. Ongeza kwamba gari zetu zinakuja zikiwa zishazeeka, sheria ya 2018 imekataza kuingiza gari ya miaka 15 na kuendelea lakini ya miaka 12 au 13 bado inaingia na raba zake ni za umri huo huo.

Tukija kwa woshingi bei, pale tunapooshewa magari. Ndugu zangu. Hapa ndipo raba zetu zinauliwa. Unapeleka gari, kijana anaosha vizuri tu, mwisho anakuja na chupa ya maji ya kunywa imejazwa kitu, haina lebo, anauliza "Mkubwa, nikupakie dawa ya kung'arisha?" na ukisema ndio anapitisha kila kitu cheusi anachokiona: tairi, bampa, raba za milango, dashibodi, hata pedo za breki kama hujamkazia macho. Gari inatoka inang'aa kama kichwa cha mtu aliyenyolewa na kupakwa mafuta. Ukifika mtaa wa Bwaise hio gari imeshakamata vumbi jekundu lote la barabara, maana kitu chenye mafuta hakiachi vumbi lipite. Mvua ikinyesha inateremka mistari ya kahawia kwenye rangi. Na kuna wengine hawana hata hio ya chupa, wanapaka dizeli kabisa. Dizeli kwenye chuma cha chini ya gari sijui, hayo ni mambo yao, lakini EPDM na mafuta yoyote ya jamii ya petroli, dizeli ikiwemo, haviendani kabisa, raba inakunywa mafuta, inavimba, inalegea, siku mbili tatu inaonekana nzuri na laini na wewe unafurahi, kumbe ndio inaharibika. Kwa hivyo dizeli, mafuta ya taa, petroli ya kufutia gundi, vaselini, grisi ya kawaida, vyote viweke mbali na raba za mlango. Mimi sasa nikifika woshingi bei neno la kwanza ni "osha, usipake", na bado inabidi nisimame pale pale.

Polishi ya viatu pia nimeona watu wanasifia. Inatoa weusi kweli, alafu inahamia kwenye kiwiko cha shati lako siku umeshusha kioo. Hapana.

Haya, 303. Ile chupa ya kawaida ni ya mililita 473, ya kupuliza. Niliipata kwa duka la vikorokoro vya magari mjini kwa laki moja na kidogo baada ya kubembelezana, na sio kila duka linayo, wengine wanakuambia "iko, ngoja" alafu wanakuletea kitu kingine kabisa chenye picha ya dashibodi. Ni ya maji, haina mafuta ya petroli ndani, haina harufu ya kukusumbua, na rangi yake ukiimimina ni kama maziwa yaliyotiwa maji mengi. Kazi yake kubwa ni kinga ya UV, yaani ni kama losheni ya jua kwa raba na plastiki na vinyl. Ukisoma maelezo yake hawakuahidi kurudisha chochote, wanasema linda, na mi napenda mtu anayesema ukweli wake.

Lakini nusu ya kazi, au niseme robo tatu, iko kwenye kuosha kabla. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu wengi wanaruka. Ule ukijivu ni ngozi iliyokufa, ukipaka dawa juu yake unapaka maiti, itakuwa nyeusi mpaka mvua ya kwanza basi. Inabidi uiondoe. Mi natumia maji ya vuguvugu, sabuni kidogo ya kuosha gari (ya vyombo pia inafanya kazi kwa hili, maana hapa tunataka kutoa mafuta ya zamani ya woshingi bei), na brashi laini, mswaki wa zamani kwenye kona. Unasugua kwa urefu wa raba, unafuta na kitambaa cheupe, unaangalia kitambaa. Kitakuwa cheusi na kahawia. Unarudia. Unarudia tena. Wakati kitambaa kinatoka na weusi kidogo tu, hapo umefika, na usitafute kitoke cheupe kabisa maana raba yenye masizi ndani itatoa weusi kidogo mpaka kiyama. Zile sponji nyeupe za kufuta madoa ukutani zinasaidia sana kwenye raba ya paa iliyochoka, lakini mkono mwepesi, ile sponji ni msasa mlaini na ikigusa rangi ya gari itaipoteza mng'ao, kwa hivyo bandika tepu ya karatasi pembeni kama wafanyavyo mafundi wa rangi. Mwisho pitisha kitambaa chenye spiriti kidogo, ile ya famasi, kidogo tu mara moja, kutoa mabaki, alafu acha ikauke vizuri. Ikauke kweli. Maji yaliyojificha kwenye mfereji wa raba yatakuja kuchanganyika na dawa na utaona mabaka.

Kwa raba yangu ya paa baada ya kuosha tu, kabla sijapaka chochote, weusi ulirudi karibu wote. Jirani akaniuliza nimenunua mpya wapi.

Kupaka: gari iwe kivulini na raba iwe imepoa, ukiweka mkono isikuchome. Asubuhi mapema au jioni. Unapulizia kwenye kitambaa cha maikrofaiba, sio moja kwa moja kwenye gari, alafu unasugua iingie, na hapa ndio watu wanakosea na 303, wanaiacha ikauke yenyewe wakidhani ndio inaingia. Haitaki hivyo. Chukua kitambaa cha pili kikavu ufute mpaka raba iwe kavu mkononi, ukigusa usione kitu kidoleni. Ukiiacha inakauka na michirizi na madoa. Ikifutwa vizuri inabaki nyeusi ya kawaida isiyong'aa, kama raba ilivyotoka kiwandani, na vumbi la Bwaise likija linakaa juu kidogo ukipuliza linaondoka. Hii ndio sababu kubwa naipenda kuliko zile za kung'aa. Mtu anayetaka gari imeremete kama ya bwana harusi hii haitamfurahisha, atasema haijafanya kitu.

Udhaifu wake: haikai. Unatakiwa kurudia kila mwezi hivi, na msimu wa mvua, Machi mpaka Mei na ile ya Septemba mpaka Novemba, mi naona kwenye paa inaisha mapema zaidi. Lakini kila mara inatumika kidogo sana, kofia mbili tatu za dawa gari nzima, kwa hivyo chupa moja inakaa muda mrefu na ukigawanya ile laki sio mbaya. Unaweza kuitumia pia kwenye dashibodi na plastiki za ndani, haileti ule mng'ao unaorudisha mwanga kwenye kioo cha mbele ukiendesha mchana. Kwenye usukani na pedo hapana, wala tairi za pikipiki sehemu inayogusa lami, hio sijui kwa nini nalazimika kuisema lakini kuna mtu wa boda nilimkuta anafanya hivyo na dawa nyingine.

Bampa na plastiki za kijivu za nje ni hadithi tofauti, usichanganye. Ile ni plastiki ngumu, haipindi, kwa hivyo zile dawa zenye rangi nyeusi ndani kama Solution Finish zinaweza kukaa miezi mingi juu yake. Kwenye raba ya mlango inayobonyezwa kila siku usiweke. Na fundi akikuambia atapitisha moto kwenye plastiki irudi nyeusi, ni kweli itarudi, kwa muda, lakini moto huo usikaribie raba hata kidogo.

Kwa raba za ndani za milango ninatumia kitu kingine, Gummi Pflege ya Nextzett, ya Ujerumani, kichupa cha mililita 100 chenye sponji mdomoni, unakipitisha tu kwenye raba kama mtu anayepaka gundi bahasha. Kinachochekesha ni kwamba wazungu wanaitumia hasa ili mlango usigande na barafu wakati wa baridi, sisi hapa barafu iko Rwenzori tu. Lakini kile kile kinachozuia mlango kuganda ndicho kinachozuia raba isisuguane na bodi na kulia, na kile kwii kwii cha mlango wangu wa nyuma kilinyamaza siku hio hio. Binamu alinitumia kutoka Nairobi kwa basi, Kampala sijaiona dukani. Kama huipati, gliserini ya famasi, tone chache kwenye kitambaa chenye unyevu, inalainisha na haili raba, bei yake ni ya soda. Ila haina kinga ya jua na inanata ukizidisha, na ikinata, vumbi. Kwa hivyo ndani ya mlango sawa, nje usihangaike nayo.

Mfereji wa kioo, pale kioo kinapopanda na kushuka, nao una yake. Kama kioo chako kinapanda polepole kama lifti ya hospitali ya zamani usikimbilie kununua mota. Funga kitambaa chenye unyevu kwenye kijiti bapa, ingiza kwenye mfereji, toa udongo, na utashangaa shamba lililokuwa humo. Kikikauka puliza silikoni kavu kidogo, ile ya kopo yenye mrija mwembamba. Grisi humo usiweke kamwe, vumbi letu likichanganyika na grisi linakuwa msasa na kioo chako kitapata mistari ya kudumu.

Na hapo kwenye silikoni kuna onyo ambalo wauzaji hawasemi. Kama gari yako inaenda kupigwa rangi hivi karibuni, na gari gani Kampala haiendi kupigwa rangi na hizi boda zinavyotukwaruza, usipulize silikoni ovyo karibu na bodi. Ikibaki kwenye bodi rangi mpya inakataa kukaa, inafanya vitobo vitobo vya mviringo, na fundi wa rangi atakuchukia. Mwambie mapema asafishe kabisa kabla hajapuliza. Mipira ya waipa nayo usiipake dawa yoyote ya kulainisha, itapaka kioo ukungu wa mafuta na usiku kwenye mvua taa za wenzako utaziona kama jua kumi. Waipa ifute na kitambaa chenye maji, ikipasuka nunua nyingine.

Sasa utajuaje raba yako ni ya kupaka au ni ya kutupa? Ya nje ikunje kidogo kwa kidole: ukiona nyufa zinafunguka kama udongo wa kiangazi, hio imeisha. Ya mlango chukua noti ya elfu moja, iweke kati ya raba na bodi, funga mlango, alafu ivute. Ikitoka kwa shida, raba bado inabana, ipake. Ikitoka yenyewe bila kubishana, raba imebonyea, hata uiogeshe 303 lita tano upepo na mvua vitaingia. Zunguka mlango mzima maana mara nyingi inakufa upande wa juu tu. Kwangu mlango wa dereva ulishindwa kona ya juu nyuma, ile ile inayopitisha mluzi.

Iliyokufa nenda Kisekka, lile soko la spea za magari hapa Kampala. Raba zilizotolewa kwenye gari za Japani zinapatikana, beba ya kwako ukalinganishe, na usiangalie weusi maana nao wanazipaka, ziminye, zikunje, zinuse. Ikiwa na harufu ya dizeli mrudishie. Za kichina mpya za kuuzwa kwa mita zipo na zinafanya kazi kwa buti, kwa mlango umbo lake mara nyingi halilingani na utapiga mlango kwa nguvu mpaka majirani waulize kuna ugomvi gani. Mi raba ya paa ya kushoto niliamua kubadilisha, ya kulia iliokoka na bado iko, na ukisimama mbali huwezi kujua ipi ni ipi.

Kuhusu feki: chupa za dawa za magari zinajazwa tena huku kwetu kama za maji ya kunywa, kwa hivyo angalia kifuniko kama kina mkanda wake, na pulizia kidogo kwenye kiganja. 303 ikisuguliwa inakauka, haikuachi na mkono wa mtu aliyekula chapati. Muuzaji akikukataza kujaribu, ondoka.

Nyota nne. Moja nimeitoa kwa bei na kwa hio kazi ya kila mwezi. Gummi Pflege ningeipa tano ila sio haki kusifia kitu ambacho watu hawawezi kununua hapa, na kwa hilo naomba msaada: rafiki yangu wa Gulu ana Noah, milango yake ya kusukuma inalia mpaka kanisani wanasikia, anayejua duka lolote Gulu, Lira au hata Arua linaloleta hizo za sponji aandike hapo chini, na bei pia tafadhali.